Theluthi, parole na msamaha wa Rais: nani hutoka gerezani kabla ya siku, na kwa mlango gani

Kila ikikaribia Desemba 9, kuna nyumba ambazo redio haizimwi. Si kwa ajili ya gwaride la Uhuru. Kuna mtu anasubiri taarifa ya Ikulu: safari hii Rais amesamehe wafungwa wangapi, wa makosa gani, na waliotumikia kiasi gani cha kifungo. Majina hayasomwi redioni, kwa hiyo kesho yake mtu huyo hupanda basi kwenda gerezani kuuliza kama wake yumo.

Mama mmoja mtaani kwetu alisubiri hivyo Desemba tatu mfululizo. Mwanawe alifungwa miaka sita kwa kuvunja nyumba usiku na kuiba. Desemba ya tatu ilipopita ndipo aliponiletea nakala ya hukumu, tukakaa barazani tukahesabu kwa kalamu. Kijana alikuwa amekwisha kuvuka muda ambao sheria inaruhusu afikiriwe kwa parole, yaani kumalizia kifungo nyumbani kwa masharti. Mama alikuwa amelisikia neno hilo, ila alilidhani ni jina jingine la msamaha wa Rais.

Si yeye peke yake anayechanganya. Mtu akirudi kabla ya siku yake sote husema "amepata msamaha", awe ameshinda rufaa, amepewa parole, amemaliza theluthi mbili za kifungo chake au ametajwa kwenye tangazo la Ikulu. Kwa masikio yetu ni jambo moja. Kwa sheria ni mambo manne tofauti. Kila moja lina mwenye kuliamua, lina masharti yake, na lina watu lisiowagusa kabisa. Asiyezijua tofauti hizo huketi mbele ya mlango ambao hana uwezo wa kuusukuma, huku ule ambao angeweza kuusukuma uko nyuma yake.

Hapa nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na hata majina ni mengine: gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, na aliyefungwa huitwa mwanafunzi.

Theluthi: punguzo linaloanza na kifungo chenyewe

Tuanze na lililo la kawaida kuliko yote, ambalo ndilo watu hulifikiria kidogo zaidi. Sheria ya Magereza ya 1967 inampunguzia mfungwa theluthi moja ya kifungo chake, mradi kifungo hicho kinazidi mwezi mmoja. Aliyefungwa miaka sita anatarajiwa kukaa minne. Aliyefungwa thelathini anatarajiwa kukaa ishirini.

Punguzo hili halitangazwi na mtu yeyote. Hakuna sherehe, hakuna orodha. Linaingia kwenye hesabu ya tarehe ya kutoka, na ndiyo maana ndugu wengi hushangaa: mahakamani walisikia "miaka sita", gerezani wanaambiwa mwaka ambao wao kwa vidole vyao hawaufikii. Wengine hudhani wameshafanyiwa hisani, wakatafuta wa kumshukuru. Hapana. Ni sheria.

Ila theluthi hiyo ina sharti: bidii ya kazi na mwenendo mwema. Inaweza kuliwa. Mfungwa akikutwa na simu, akipigana, akikaidi amri, akijaribu kutoroka, hufunguliwa shauri la nidhamu humo humo gerezani, na miongoni mwa adhabu ni kunyang'anywa sehemu ya siku zake za theluthi. Mimi hupenda kuwaeleza ndugu kwamba mtu wao anaingia na akiba mfukoni. Haongezewi kitu kila mwezi. Kazi yake ni kutoitapanya. Na ndugu anayemwingizia simu kwa siri ndani ya chakula, kwa mapenzi tu, ajue kwamba kwa mapenzi hayo huenda anampunguzia akiba.

Aliyefungwa maisha hana theluthi, kwa sababu hakuna anayejua theluthi ya maisha ni ngapi. Aliyehukumiwa kunyongwa hana pia. Kwa hao wawili, mlango uliobaki ni rufaa au Rais.

Msamaha wa Rais ni wa nani hasa

Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, kupunguza adhabu au kuibadilisha iwe nyepesi zaidi. Uwezo huo hutumika zaidi siku za kitaifa, Uhuru na Muungano. Desemba 9, 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alisamehe wafungwa 8,157. Wengi wanakumbuka siku hiyo kwa majina mawili tu, Nguza Viking na mwanawe Johnson Nguza, Babu Seya na Papii Kocha, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004. Picha zao wakitoka zilienea nchi nzima, na nadhani picha hizo ndizo zilizowafundisha watu kwamba uhuru wa mapema hushuka kutoka juu, kwa ghafla, kama mvua.

Lakini tazama hesabu ya siku ile ile. Kati ya wale 8,157, waliotoka moja kwa moja ni 1,828. Waliobaki, 6,329, walipunguziwa muda wakarudi kulala walikolala jana. Aprili 26, 2021, Rais Samia aliposamehe 5,001, waliotoka siku hiyo walikuwa 1,516 na 3,485 wakaendelea kutumikia sehemu iliyosalia. Kwa hiyo mtu akikwambia "wa kwako yumo kwenye msamaha", swali la pili ni kama ametoka au amepunguziwa.

Kipimo kinachorudiwa sana katika matangazo hayo ni robo: mfungwa anapunguziwa robo ya adhabu baada ya ile theluthi ya kawaida kuondolewa. Kwa kijana wetu wa miaka sita, theluthi ikitoka inabaki minne. Robo ya minne ni mwaka mmoja. Basi angekaa mitatu. Kisha kuna makundi ambayo Rais huyaangalia kwa jicho la pekee: wazee wa miaka 70 na zaidi, wagonjwa wa maradhi yaliyofika hatua ya mwisho, wenye ulemavu, wanawake walioingia na mimba au na watoto wanaonyonya.

Na kuna orodha ya wasioguswa, ambayo hubadilika kidogo tangazo hadi tangazo lakini sura yake ni ile ile. Humo utakuta dawa za kulevya, rushwa, unyang'anyi wa kutumia silaha, kubaka na kulawiti, kumpa mwanafunzi mimba. Wamo pia waliowahi kupunguziwa na Rais wakiwa katika kifungo hicho hicho, wenye makosa ya nidhamu gerezani, na walio kwenye parole.

Mfungwa hawezi kufanya lolote kuufanya msamaha wa Rais utangazwe. Hawezi kuchagua tarehe, wala makosa yatakayotajwa. Analoweza ni kutokuwa na doa la nidhamu siku likitangazwa. Basi. Ndiyo maana naona vibaya familia ikiweka matumaini yote hapo. Si kwamba msamaha hauna maana. Una maana kubwa kwa anayeupata. Ila kuusubiri si kazi, na mtu wako anahitaji watu wanaofanya kazi.

Parole: mlango unaofunguliwa pande mbili

Sasa tumefika ninapotaka kukaa.

Sheria ya Bodi za Parole ilitungwa 1994. Kwa maneno mepesi, parole ni kumalizia kifungo nyumbani. Mfungwa hajasamehewa wala hukumu yake haijafutwa. Anatoka kwa masharti na anabaki chini ya uangalizi: anaishi mahali palipokubaliwa, anaripoti kwa anayemsimamia, hahami wala hasafiri bila ruhusa, na akivunja masharti anarudishwa ndani.

Masharti ya kufikiriwa yanaeleweka. Kifungo kiwe cha miaka minne au zaidi. Awe ametumikia theluthi moja. Asiwe mfungwa wa maisha, wala wa makosa yaliyotengwa, yakiwemo unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya na makosa makubwa ya kujamiiana. Na awe ameonyesha kwamba amebadilika.

Rudi kwa kijana wa miaka sita. Theluthi ya kifungo ni miaka miwili, kwa hiyo akimaliza miwili anaweza kufikiriwa. Tarehe yake ya kawaida ya kutoka, kwa theluthi ile ya punguzo, ni mwisho wa mwaka wa nne. Kati ya hapo pana dirisha la miaka miwili. Kila mwezi unaopita bila jina lake kuandikwa, dirisha linapungua. Kwa mwenye miaka minne dirisha ni dogo zaidi: theluthi moja ni mwaka mmoja na miezi minne, na kutoka kwa kawaida ni miaka miwili na miezi minane. Miezi kumi na sita tu, na humo humo majalada yapite ngazi zote.

Ngazi zenyewe ni hizi. Gereza linaandaa taarifa ya mfungwa. Bodi ya Parole ya mkoa inaipitia. Bodi ya Taifa inaipitia tena na kumshauri Waziri wa Mambo ya Ndani. Mzee Augustino Mrema, ambaye watu wa rika langu wanamkumbuka kwa siasa zake za miaka ya 1990, aliteuliwa 2016 kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa, na kwa wengi ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba kuna bodi ya namna hiyo nchini.

Taarifa ya mfungwa ina sehemu mbili, na hapa ndipo jambo linapokwama. Sehemu ya kwanza inatoka ndani: amefanya kazi gani, amejifunza nini, ana makosa ya nidhamu au hana. Hiyo ni juu yake. Sehemu ya pili inatoka nje, huko anakotarajiwa kurudi: jamii inamtazamaje, nani atampokea, aliyekosewa anasemaje, atakula nini. Mfungwa hawezi kuitengeneza hiyo akiwa nyuma ya ukuta. Asiyekuwepo na lake halipo. Ni lazima awepo mtu wa kusimama mahali pake.

Fikiria afisa anafika mtaani kuuliza, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anasema hamjui, au anamjua kwa lile tukio tu. Baba alishatangaza kwamba yule si mwanawe tena. Chumba chake kimepangishwa. Jirani aliyevunjiwa nyumba hajawahi kuombwa radhi na mtu yeyote wa ukoo ule. Hata kama kijana amekuwa fundi hodari na hana doa, taarifa ya namna hiyo itasema nini? Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Ukweli wake mwingine ni kwamba wa kwao ndio pia wanaoweza kumsaidia kulimaliza janga lenyewe.

Rufaa, na mlango uliofungwa Arusha

Rufaa haitoi uhuru wa mapema kwa kumhurumia mtu. Inauliza kama alistahili kufungwa, au kufungwa kiasi kile. Lakini kwa mfungwa aliyehukumiwa kimakosa ndiyo njia pekee ya haki, na inapotea kwa siku chache. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Mfungwa halazimiki kutafuta wakili kwanza. Anaweza kuandika sababu zake, akazikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye akazipeleka mahakamani. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, akiwa na sababu ya kuaminika.

Wanaofuatilia hukumu za Mahakama ya Rufani wanajua jinsi wafungwa wanavyosimama wenyewe mbele ya majaji watatu, bila wakili, na wapo wanaoshinda kwa kasoro ya hati ya mashtaka au ushahidi usiotosha. Katika kesi ile ile ya Nguza, mahakama hiyo iliwaachia watoto wake wawili mwaka 2010. Ndani ya magereza wapo wafungwa waliokaa na vitabu vya sheria hadi wakawa ndio wanaowaandikia wenzao rufaa. Nawaheshimu sana watu hao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetambua wasaidizi wa kisheria na kufungua njia ya huduma hiyo kufika magerezani, kwa hiyo familia isiyo na fedha za wakili iulize msaidizi wa kisheria kabla haijauza shamba.

Nitaje na hatari zake. Mahakama ya juu inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya, na ikiona adhabu ilikuwa chini ya ile inayotakiwa na sheria, inaweza kuipandisha. Mtu aingie rufaani akijua hilo.

Ulikuwepo mlango mwingine zaidi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na kwa miaka kadhaa wafungwa wa Tanzania waliiandikia wenyewe kutoka magerezani. Novemba 2015, katika shauri la Alex Thomas, aliyekuwa akitumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, mahakama hiyo ilisema haki yake ya kusikilizwa kwa usawa ilivunjwa, ikiwemo kwa kutopewa msaada wa kisheria. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kupeleka shauri huko moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye uamuzi huo ukaanza kufanya kazi. Mahakama bado iko pale pale, umbali wa safari ya daladala kwa baadhi ya wafungwa hao, lakini mfungwa wa leo hawezi kuifungulia shauri jipya. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Kwa vifungo vifupi na kwa mahabusu

Kifungo kisichozidi miaka mitatu kinaweza kugeuzwa kuwa huduma kwa jamii chini ya sheria ya 2002: mtu anaishi nyumbani na kufanya kazi za umma bila malipo, kama kufagia hospitali au kurekebisha barabara ya kijiji. Anayehusika na taarifa zake ni afisa wa Huduma za Uangalizi. Mtafuteni huyo hata kama mtu wenu ameshaanza kutumikia kifungo.

Mahabusu hana chochote kati ya haya. Hana theluthi kwa sababu hana kifungo cha kugawanya. Bodi ya Parole haimjui. Rais hawezi kumsamehe kosa ambalo hajatiwa hatiani nalo. Na mahabusu si wachache. Kuna nyakati wamekaribia nusu ya wote walio ndani ya magereza yetu, au kuzidi. Kwao yapo mambo mawili: dhamana, kwa makosa yanayodhaminika, na tangu 2019 makubaliano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka. Makubaliano hayo yanaweza kumtoa mtu haraka. Yanaweza pia kumfanya asiye na hatia akiri kwa kuchoka tu. Asiweke saini kabla ya kuzungumza na mtu anayeijua sheria.

Kazi ya ndani na kazi ya nje

Ndani, mfungwa anaweza kujenga rekodi. Gereza la Karanga, Moshi, linajulikana kwa viatu. Ruanda, Mbeya, pana mafunzo ya ufundi. Kwingine ni useremala, ushonaji, ng'ombe, mashamba. Anayejua kusoma afundishe wasiojua. Kinachohitajika ni kwamba kila jambo liandikwe: fundi aliyepimwa akapata cheti ana la kuonyesha kwa bodi na kwa atakayemwajiri, na aliyejifunza bila karatasi ana maneno yake tu.

Nje, hivi ndivyo tulivyofanya na yule mama, na siandiki kwa kubahatisha. Siku ya kumtembelea mwanawe aliuliza mambo matatu kwa adabu: tarehe ya kutoka kwa kawaida ni lini, kuna siku zozote zilizokatwa, na jina lake limefikiriwa kwa parole au bado. Hakuna aliyemfukuza. Alijibiwa. Kisha akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akamweleza kijana atakaa wapi na atafanya kazi kwa nani. Mjomba mwenye karakana ya kuchomelea alikubali kuandika barua kwamba atamchukua. Akatafuta namba ya kitambulisho cha Taifa cha mwanawe, kwa sababu mtu akitoka bila utambulisho hata laini ya simu ni shida.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote, na alilichelewesha hadi mwisho. Nyumba iliyovunjwa iko nyumba ya tano kutoka kwake. Kwa zaidi ya miaka miwili walikuwa wakipishana kisimani bila salamu. Jioni moja alikwenda na shangazi wa kijana, wakiwa na fedha kidogo walizochanga kulipia televisheni iliyoibwa. Hawakutosheleza bei yake. Mwenye nyumba alizipokea. Aliwaambia kwamba hajasamehe na hawezi kusema amesamehe, lakini akiulizwa na watu wa parole hatampinga kijana kurudi, mradi asikanyage uani kwake. Mama alirudi akaniomba nimwandikie maneno hayo yalivyo, bila kuyapamba, ayapeleke kwa mwenyekiti.